Retro Imelala Juu ya Simenti

Alhamisi, mvua tangu asubuhi. Barabara ya kutoka Kabimba imekuwa uji, mabega yananiuma kwa kushindana na usukani, na hata hapa naandika kwa kujilazimisha.

Leo nusura niue mtu.

Gari langu ni pikapu. Remorki ninayoikokota ni pana kuliko gari lenyewe, na ikijaa mifuko ya simenti, vioo vyangu vya pembeni vinanionyesha turubai tu. Ndiyo maana nina Papa Kabwe. Zamani alikuwa mtu wa reli, kazi yake kukaa behewa la mwisho na kuangalia nyuma. Treni zilipopungua, akaja kukaa juu ya simenti yangu. Akigonga bati mara moja, kuna anayetaka kupita. Akigonga mara mbili, nisimame. Akinyamaza, njia ni nyeupe. Mji mzima unamwita Papa Retro, kwa ajili ya retroviseri, kile kioo cha kuangalia nyuma, na jina lenyewe analipenda.

Leo alinyamaza. Nikakata kushoto kukwepa shimo, mara nikasikia honi na mayowe. Pikipiki ilikuwa inanipita. Dereva wake aliitupa majanini, na mama aliyempakia akaanguka na beseni lake la ndagala. Hawakuumia, namshukuru Mungu. Tuliokota vile visamaki kwenye matope, mama yule akinitukana.

Papa Kabwe alikuwa amelala.

Polisi wa barabarani, kwenye bariyeri, kizuizi kilichokuwa hatua chache mbele, aliona yote. Akaja dirishani.

"Mama, retroviseri yako iko wapi?"

Kwa uchovu, mdomo ulijibu wenyewe: "Iko kule juu, Papa. Inalala."

Watu waliokuwa bariyerini walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka.

"Remorki ikishinda motokari upana, vioo vinapashwa kutokeza inje, kushoto na kuume, dreva aone barabara mpaka nyuma. Dreva mwenyewe, Mama. Sheria haijue muntu wa kukuonea. Na ukifungua remorki, utoe vile vioo, visigonge bantu ku soko."

Remorki ikabaki pale hadi vioo vipatikane. Nilikasirika njia nzima ya kwenda garaji, halafu hasira ikaisha kwa sababu sikuona kosa lake. Cha kuazima hakisitiri matako, na mimi nimekuwa nikiazima macho.

Fundi alinifungia vioo vyenye mikono mirefu. Tuliporudi bariyerini na kuifunga remorki, polisi akamwomba Papa Kabwe asimame nyuma ya remorki, kwanza upande huu, kisha ule, nami nigeuzegeuze kioo hadi nimwone.

Nikamwona.

Miaka yote tumesafiri pamoja, mimi mbele, yeye nyuma ya mzigo, na barabarani sijawahi kumtazama. Alikuwa ameshika ubao wa remorki ili asiyumbe. Kuhama upande mmoja kwenda mwingine kulimchukua muda mrefu, na polisi akamngoja. Mzee yule ndiye niliyempandisha juu ya simenti asubuhi, kwenye mvua, nikataka asisinzie. Niliona aibu, nikalia kidogo. Aliponiuliza, nikasingizia vumbi. Vumbi gani, na mvua yote ile.

Safari iliyobaki alikaa mbele, kando yangu. Hajazoea kuangalia mbele. Kila honi ilipolia aligeuza shingo, akakuta ukuta wa pikapu. Vioo vinafanya kazi vizuri, vizuri mno. Kila nilichomhitaji Papa Kabwe anionee, sasa nakiona mwenyewe.

Nilipomfikisha kwake aliteremka, lakini mlango hakuufunga.

"Mama Sifa, sasa kesho nikuje?"

Aliuliza kama mtu aliyekwisha kujijibu.

"Kuja, Papa. Utakaa mbele."

"Mbele nitafanya nini?"

Nikamwambia mvua inaingia, afunge mlango, tutaongea. Huo ndio ushujaa wangu wa leo. Nimechoka mwili na kichwa, jibu bado sina, na kesho asubuhi nitamkuta amesimama nje kwake, ananingoja nimwambie.