Kadi za Silabi

Baba Binti,

Usishangae mwandiko, ni wangu. Mwalimu alitaka kila mzazi amshikie mtoto kadi za silabi nyumbani. Siku ya kwanza nilizishika kichwa chini miguu juu, binti yetu akacheka: "Mama, geuza." Ba, be, bi, haba na haba, hata mimi nikajua kusoma.

Anakusalimu. Jino la mbele limeng'oka.

Jana nilifungua barua yako ya mwisho, ile aliyonisomea shemeji. Alisema hujambo, kazi nzuri. Kumbe uliandika kuwa utapasuliwa kifua, ukaniomba nije. Nilipomuuliza, akasema hakutaka kunitia hofu.

Miezi mitatu imepita. Nimeshafunga mizigo. Nijibu, hata kwa silabi moja.

Mkeo