Kola Yako, Mama Mumbua

Mama Mumbua,

Nimekaa kitandani kwangu hapa mtaani kwetu Lindi, ni Jumapili baada ya kanisa, na jirani mpya aliyehamia chumba chako anakaanga vitunguu. Namwita mpya ingawa amemaliza miezi saba. Ameweka pazia lenye maua makubwa mekundu mlangoni, lile ambalo ungelikejeli mpaka mwenyewe alitoe. Nilikuwa nimejiambia sitakuandikia mpaka niwe na jambo la maana la kukwambia. Halafu nikaona hiyo ni njia yangu tu ya kukukwepa, na nimekukwepa vya kutosha.

Wacha nianze na kazi, maana najua ndiyo ungeuliza kwanza.

Bado naenda kwa miguu. Natoka gizagiza, napita Makina wakati watu wanatoka msikitini, navuka Ngong Road na kufika Kawangware kabla geti la kiwanda chetu cha dobi halijafunguliwa. Zamani njia ile ilikuwa fupi kwa sababu ya mdomo wako. Ulikuwa unaanza kunichambua tangu mlangoni: viatu vyangu, wanaume wangu, namna ninavyokunja shuka kama mtu anayefunga sambusa. Siku hizi ni ndefu, na magoti yameanza kuniuma, au labda yalikuwa yananiuma hata wakati ule ila sikuyasikia.

Kiwandani pasi ni zilezile na meza ni zilezile. Meza yako, ile ya dirishani, amepewa msichana anayetoka mtaa wa Congo, pale nyuma ya soko la Kawangware. Anapiga pasi siku nzima ameziba masikio kwa muziki wa kiredio chake kidogo. Simlaumu. Hakuna anayemsalimia mwenzake siku hizi. Unaingia, unaacha simu kwenye kile kisanduku cha mlangoni, unavaa koti lako la kazi, dastikoti ya kijani, unashika pasi. Saa nne chai ikija kila mtu anaondoka na kikombe chake. Mmoja ananywea kando ya mapipa ya sabuni, mwingine kwenye ngazi, na yupo mmoja ambaye naapa anaenda kunywea chooni. Ile benchi yetu sasa inawekewa magunia ya nguo chafu.

Meneja anadhani ni uvivu. Shuka za hoteli zinarudishwa zikiwa na mikunjo, mashati ya wateja yanapotea, watu wanaugua kila Jumatatu. Wengine wanasema ni mshahara. Lakini mshahara ulikuwa mbaya hata ulipokuwa hai, na bado tulikuwa tunacheka mpaka mtu anaketi chini. Mimi najua ni nini, na wote wanajua. Ni aibu. Ni kwa sababu hatukuja kukuzika.

Basi, nimeandika. Nilidhani mkono utakataa.

Wewe ndiye uliyeanzisha ule mtindo. Kabla yako mtu alikuwa akifiwa anapewa pole mlangoni na kurudi mezani kwake. Ukaja wewe na kusema haiwezekani tunyooshe nguo za watu tusiowajua kila siku halafu tushindwe kumsindikiza mzazi wa mwenzetu. Tukaanza kwenda. Machakos tulikwenda, Vihiga tulikwenda, Siaya tukalala sakafuni darasani. Tulikuwa tunavaa dastikoti zetu za kijani juu ya nguo za kanisa, zimenyooka kabisa, na watu wa huko walikuwa wanaulizana hawa ni kwaya gani. Na wewe ulikuwa unabeba ile pasi yako ya makaa mapajani safari nzima, imefungwa kwa taulo, kwa sababu ulisema huwezi kuamini stima ya kwa watu.

Nakumbuka Bungoma, siku ya kumzika mama yangu. Ndugu zangu walikuwa wanagombania hema, na mimi nimekaa nyuma ya jikoni sijielewi. Ukaingia ndani, ukaona nguo ya mama imetolewa kwenye mfuko ikiwa imekunjamana, ukatoka nje na kumwambia mjomba wangu, mtu ambaye kijiji kizima kinamwogopa, "Huyu mama haendi hivi. Nileteeni makaa." Akaleta mwenyewe. Ukatandika shuka juu ya meza, ukalowesha kitambaa, ukaanza na kola. Siku zote ulikuwa unaanza na kola. Ulinifundisha hivyo wiki yangu ya kwanza kazini: "Anza na kola, Nekesa. Mtu anaangaliwa usoni, na kola ndiyo jirani ya uso." Nilipomwangalia mama mara ya mwisho, kola yake ilikuwa imelala vizuri, na jambo hilo dogo lilinisaidia kuliko mahubiri yote.

Sasa nikwambie ya kwako.

Ulipokwenda nyumbani Kitui ulisema ni wiki moja tu, upumzishe presha. Ukaniachia ufunguo wa kabati lako la kazini. Mwanao Mumbua alipopiga simu kusema umetuacha, tulilia wote, hata wale uliokuwa unawafokea. Tukapanga. Wanakanisa na majirani wa Lindi walikuwa wamekodi basi la Jumamosi alfajiri, tukaomba watuwekee viti vya nyuma. Ijumaa jioni tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni: kuna shuka nyingi za hoteli, na atakayekosa kazini Jumamosi asijisumbue kuja Jumatatu.

Tulisimama mbele ya karatasi ile, Mama Mumbua, na hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa namngoja mtu mwingine aseme. Nafikiri kila mmoja alikuwa anamngoja mwingine. Nikatembea mpaka nyumbani nikijiambia kesho watu watakwenda na mimi nitakwenda nao. Asubuhi nikajiambia nipitie kazini kwanza nione. Nikawakuta wote wako kazini, kila mtu amekuja kuona.

Tulipiga pasi shuka za wageni siku nzima. Simu zetu zilikuwa kwenye kisanduku, na nilipochukua yangu saa saba nikakuta Mumbua amenipigia mara tano. Sikumpigia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia kwamba hatuji, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amemwambia. Na mimi ndiye niliyekuwa na namba yake.

Alikuja mwezi uliofuata kuchukua vitu vyako. Nilijificha kanisani mchana kutwa, akaningoja. Nilifikiri atanitukana, na ningefurahi. Hakunitukana. Alikuwa amechoka tu. Akaniambia, "Anti, tuliwangoja. Mum alikuwa anasema watu wa kazi ndio huleta pasi. Nguo ilikuwa mpya, sikuitoa kwa karatasi. Basi likakuja, nikaangalia mpaka mtu wa mwisho akashuka. Watu wa mochari wakasema taimu imeisha, so tukamvalisha tu hivyo."

Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Kola ilikataa kulala."

Akanipa pasi yako ya makaa. Alisema wao hawana kazi nayo. Nikaisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani, na maneno yake sikumwambia mtu. Nilikuwa naenda kazini nayo na kurudi nayo. Kiwanda kizima cha pasi, Mama Mumbua. Pasi za mvuke kila meza, watu ambao hawajui kazi nyingine duniani isipokuwa kunyoosha nguo. Na wewe ukaenda hivyo.

Huenda ungesema nisijilaumu. Usiseme.

Baada ya hapo ndipo mambo yakawa vile nilivyokueleza. Miezi miwili iliyopita Atieno, yule wa mashine ya kukausha, alifiwa na baba yake. Hakutuambia. Alisema anaumwa tumbo, akaenda Siaya, akazika, akarudi na kuvaa dastikoti yake. Tulijua baadaye kutoka kwa mtu anayekaa naye ploti moja. Nilimwangalia akikunja mataulo na sikuwa na mdomo wa kumwuliza kwa nini hakusema. Angemwambia nani? Sisi?

Wiki jana meneja alileta mwanamke wa semina aje atuinue moyo. Mwanamke mzuri, mpole, amebeba kalamu za rangi na mpira wa plastiki. Tulisimama duara kati ya meza, tukaambiwa tumrushie mwenzetu mpira na kumwambia jambo moja zuri. Aliyerushiwa wa kwanza hakunyoosha mikono. Mpira ukabiringika chini ya meza yako ukakaa hukohuko. Ungekuwepo ungecheka mpaka utolewe nje.

Ndipo akatugawia karatasi za manjano. Kila mtu aandike, bila jina, jambo moja ambalo lingefanya mahali hapa pawe pazuri. Niliishika ile kalamu, Mama Mumbua, na nilijua cha kuandika. Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Nikaandika: chai iongezwe maziwa.

Mwanamke akakusanya, akaanza kusoma kwa sauti ya furaha. Glavu mpya. Feni. Chai, hiyo ndiyo yangu. Halafu akafungua moja akasoma, "Tungeenda kumzika Mama Mumbua." Akafungua nyingine, mwandiko mwingine, ilikuwa hiyohiyo. Na ya tatu. Sauti yake ikashuka. Akauliza Mama Mumbua ni nani. Mimi nilikuwa naangalia sakafu, maana wenzangu walikuwa wamekuandika wewe na mimi nimeandika maziwa.

Mzee Ndolo akasimama. Unamjua, mtu wa boila, ile inayopeleka mvuke kwenye pasi, hasemi kitu tangu Januari mpaka Disemba. Akasema, "Hiyo ya kwanza ni yangu. Mimi ndio wa boila. Hiyo asubuhi ningeizima tu, hakuna mtu angepiga pasi. Sikuzima."

Akaketi. Nikasikia mtu anazungumza, kumbe ni mimi. Nilisema, "Alizikwa na kola imekunjamana. Walikuwa wanatungoja sisi na pasi."

Watu wengine wangesikia hayo wasielewe kuna nini cha kulia. Wale walielewa. Atieno alitoa sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi tangu amzike babake. Yule mwanamke aliweka kalamu zake chini akakaa. Meneja akasema tuendelee na programu, lakini hakukuwa na programu tena, na baada ya muda akaingia ofisini kwake. Saa nne tuliyatoa magunia kwenye benchi. Atieno alikaa karibu nami, nikamwambia pole ya baba, nimechelewa. Akasema umechelewa kweli. Kisha akanipa nusu ya mandazi yake.

Tunakuja kaburini kwako, Mama Mumbua. Jumamosi hii. Mzee Ndolo aliingia ofisini kumwarifu meneja; nasema kumwarifu, hakuomba. Kesho yake tukaikuta karatasi mlangoni, maneno yaleyale ya siku ile, na sijui itakuwaje Jumatatu. Usidhani tumekuwa mashujaa. Naijua miguu yetu. Huenda tukawa wengi pale stendi, huenda tukawa wawili. Msichana wa Congo aliyekaa mahali pako aliniuliza kama anaweza kuja pia. "Mimi simjui," alisema, "lakini niko kwa meza yake." Ilibidi niende nje kidogo.

Wengine wakibaki, nitakuja peke yangu. Hilo sitamngoja mtu aliseme kwanza. Mumbua nimempigia. Aliuliza tutafika saa ngapi.

Ijumaa nililifungua kabati lako. Ufunguo nilikuwa nao siku zote na sikuwa nimethubutu. Dastikoti yako ilikuwa humo, imeviringwa vile ulivyoiacha, ina pini mfukoni na bado inanuka wanga. Jana niliivuta ile pasi kutoka chini ya kitanda. Nilinunua makaa, nikayapepea hapa nje ya mlango mpaka jirani wa pazia akatoka kuuliza napika nini. Nikalowesha kitambaa, nikaanza na kola. Niliirudia mara tatu. Ile nyingine, ile uliyolala nayo, siwezi kuifikia tena, na hilo litabaki nami mpaka nami nivalishwe yangu. Sikuombi uniambie si kitu.

Nilitaka kuikunja dastikoti niiweke kwenye mfuko. Sikuweza. Imetundikwa hapa kwenye henga, ukutani mbele yangu. Lala salama, mama. Jumamosi nitaishika hivyohivyo mkononi, safari nzima mpaka Kitui, wacheke wanaotaka, na sitaiweka mapajani hata mkono ukichoka, mpaka nikufikishie ikiwa imenyooka.

Wako,
Nekesa