Njiwa wa Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Tramu ya kituo cha Flagey imechelewa, nimefika karakanani nimelowa. Cheni mbili, hereni, pete iliyopasuka. Pini ya kifuani ya mteja wangu, mzee Papa Ilunga, bado iko kwenye droo. Zamani wasafiri walirudi na pini kama hizi kutoka Roma kama ukumbusho: picha nzima imepangwa kwa punje za kioo, ndogo kuliko ufuta. Hii ni njiwa, bawa limebomoka. Alipoileta alisema, "Ni ya bibi yangu. Alikuwa anaipenda sana." Mungu amrehemu. Marehemu hana haraka. Pete kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimeumbuka. Papa kaja anahema. "Bibi anasema dimanche njo mwisho." Nikamwuliza, marehemu anasemaje tena? Akanikodolea macho. "Marehemu gani, maman? Bibi! Madame!"

Lo! Kwetu Tanga bibi ni mama wa mama. Kwao Lubumbashi bibi ni mke, njo ni ndiyo, dimanche ni Jumapili. Yuko hai, tena amefura. Waliinunua Roma, safari yao ya kwanza wawili. Papa akaja kuikalia kwenye kochi, ikavunjika, naye akacheka. Bibi kabeba sanduku, yuko kwa binti yao, mtaani Uccle. Njiwa asipopona hadi Jumapili, anapanda ndege, harudi. Nami nimemfungia njiwa drooni wiki nzima. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Situlii. Unavuta uzi wa kioo kwenye moto, unakata punje, unapachika kwa kibanio. Rangi ya kwanza imekuwa nyeupe mno. Uzi wa pili umekatika. Nimemfokea mwenye hereni. Haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo hakuwa na dimanche.

Ijumaa, 7 Machi
Bawa limejaa. Punje moja imekaa upande. Naichukia. Nikiing'oa zitafuata zote. Nimeiacha.

Jumapili, 9 Machi
Papa aliichukua jana. Suti, viatu vinang'aa. Leo ndiyo dimanche. Naikodolea simu utadhani mke ni wangu. Nimefua. Nimepiga pasi hadi soksi.

Jumanne, 11 Machi
Mvua imekatika. Papa kapita, hakukaa. Kaacha bakuli la sombe, kisamvu chao, bado la moto.

"Bibi njo amepika. Anasema kajiwe kamoja kamepinda. Kabaki vile."

Nimekula yote. Sikuuliza bibi yupi.