Lenzi ya Kuvuta na Mtaro wa Baba

Jumapili, mwezi wa nane. Upepo tangu asubuhi.

Upepo wa leo haukuwa wa mchezo. Umelitikisa bango la studio tangu watu walipotoka kanisani, na vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Wageni wameshaondoka. Nimekaa nyuma ya kaunta na lenzi mbili mbele yangu juu ya kitambaa. Nimeachiwa zote mbili nizijaribu, na keshokutwa muuzaji anakuja kuchukua moja.

Asubuhi nilikuwa najua atachukua ipi.

Moja ni lenzi ya kuvuta. Unazungusha pete, aliye mbali anakuja karibu. Unazungusha tena, chumba kizima kinaingia. Nyingine ni ya milimita hamsini, sisi tunaiita hamsini tu, fupi, nyepesi, haivuti chochote. Ukitaka mtu awe mkubwa unamfuata, ukitaka awe mdogo unarudi nyuma kwa miguu yako mwenyewe.

Kwa akili ya biashara hakuna hata cha kujadili. Studio yangu ni fremu moja ya duka hapa Singida mjini, na chumba chenyewe ni kifupi. Mtoto wa mwaka mmoja hatulii, na kwa ya kuvuta unamfuata ukiwa umesimama palepale. Bibi harusi anataka shela lote lionekane, halafu uso peke yake, halafu mkono wenye pete, na wapambe wake wana haraka. Wanaosifu hamsini wanasema inakula mwanga vizuri, lakini taa ninazo. Wanasema inalainisha vilivyo nyuma ya mtu, vikawa kama ukungu. Wateja wangu pazia wamelichagua wenyewe, ukililainisha wanakurudishia picha.

Tena kuna Baba.

Baba alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa mtaa wa tatu kutoka hapa. Ninayoikumbuka zaidi ni ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa tena. Nilikuwa bado nasoma shule ya msingi. Filamu za rangi zikawa zinapatikana, sabuni ikawa na manukato, na watu wakavaa suruali za mitumba pana kama mapazia na kuja kupigwa picha nazo. Siku ya gulio walitoka Ikungi na Mwankoko, wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa. Baba aliwasimamisha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ambayo hakuna mtu wa Singida aliyewahi kuyaona.

Lenzi yake ilikuwa moja tu, hamsini, na haikuwahi kutoka kwenye kamera.

Ukoo ukija mzima, Baba alianza safari ya kurudi nyuma. Alirudi mpaka ukutani, akafungua mlango, akatoka barazani huku jicho liko kwenye kamera. Wapita njia walimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kugeuka. Mwisho wake ulikuwa mtaro wa barabarani. Mara moja alitumbukia mguu mmoja, akapiga picha hivyohivyo, na kwenye picha ile watu wote wanacheka. Jamani, namkumbuka mzee wangu.

Mfanyabiashara mmoja aliyekuja kutoka Dar aliwahi kumwonyesha lenzi ya kuvuta. Baba aliizungusha mchana kutwa. Alimvuta Mama aliyekuwa mlangoni, akavuta kuku wa jirani, akavuta mnara wa kanisa. Jioni akairudisha, akasema, "Siku moja." Siku hiyo haikufika. Kwa hiyo nilishajiambia kwamba nitainunua mimi, kwa ajili yake.

Mpaka leo mchana.

Mama amekuja mjini kutoka Kinampanda, alikorudi kuishi baada ya Baba kustaafu. Picha yetu ya ukoo ya miaka ile imeliwa na unyevu pembeni, akasema anataka nyingine, watoto wote watano, kabla macho yake hayajamkatalia kuiona. Tatizo ni Kaka Elia na mdogo wetu Samweli. Tangu tulipomzika Baba wanagombea shamba la kando ya barabara. Sasa ni mwaka wa pili hawasalimiani. Wakikutana msibani, kila mmoja anauliza habari za mwenzake kwangu, na huyo mwenzake yuko hapohapo.

Walikuja. Elia akasimama mwisho wa kulia, Samweli mwisho wa kushoto, Mama kwenye kiti katikati, sisi wengine tukajaza tulivyoweza. Nikatega kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikafunga ya kuvuta, nikazungusha pete hadi wote wakaingia. Nikabonyeza kitufe cha kujipiga yenyewe, nikakimbilia nafasi yangu. Hakuna aliyeombwa kusogea hata kidogo.

Picha ilitoka safi. Ni kweli wale wa pembeni walivutika wakawa wanene, na Samweli akalalamika kuhusu tumbo ambalo hana, lakini ilikuwa picha nzuri. Nikampelekea Mama kamera aione kwenye kioo. Aliishika karibu na pua, akatazama muda mrefu.

"Hawa ni wanangu," akauliza, "au ni wapangaji?"

Elia alitazama viatu vyake.

Nikaenda kubadilisha lenzi. Sikusema kwa nini, na sina hakika kama nilikuwa najua. Nikafunga hamsini, nikaisogeza kamera mpaka mgongo wangu ukagusa mlango. Elia hayumo. Samweli nusu. Nikawaambia lenzi hii haifiki huko, sogeeni. Wakasogea kidogo, bado. Nikajisikia nasema maneno ya Baba, na sauti yake pia: "Sogea, sogea, bega kwa bega. Asiyeonekana si wa ukoo huu!"

Mama akacheka. Ikabidi Elia aje nyuma ya kiti, na Samweli naye aje nyuma ya kiti, kwa sababu pengine hapakuwepo.

"Unanikanyaga," Elia akasema.

"Si usogeze mguu, kaka."

Kaka! Mwaka wa pili huu, na hayo ndiyo yakawa maneno ya kwanza. Dada yetu mkubwa akashindwa kujizuia, akacheka, kikohozi kikampata, na sote tukafuata. Nikabonyeza kitufe kilekile, nikakimbilia nafasi yangu, na picha ikapigwa hapo. Mama amefumba macho, mimi nimetokea upande, na mkono wa Elia uko begani kwa Samweli.

Shamba bado lina mgogoro, sijidanganyi. Walipotoka kila mmoja alishika njia yake. Ila Samweli alirudi kutoka nje, upepo umemjaza mchanga kichwani, akaniambia nimtolee nakala mbili, moja nimpelekee Elia. Halafu akabadili. Akasema ataipeleka mwenyewe.

Lazima niandike hapa jambo moja. Ule mlango nyuma yangu ni wa kioo na haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Nje kuna baraza pana. Ningeweza kuufungua, nikarudi hatua kadhaa kama Baba, na wote wangeingia wakiwa wamesimama mbalimbali. Mmoja wetu aliniambia hivyo. Nikamjibu kwamba upepo utaangusha taa.

Sasa wameondoka, na hapa kaunta nina ile picha ya zamani ambayo Mama ameniachia. Ilipigwa wakati Mama ameanza kuuza vitenge sokoni, na Bibi mzaa Baba hamsemeshi, kwa kuwa mke wa ukoo wao hapigi kelele sokoni. Msimu mzima walikuwa wakipitishiana maneno kwetu sisi watoto. Bibi alikuja kutusalimia na unga wa mtama mpya na jogoo, tukaingia studio. Baba akasema leo hawezi kutoka nje, mtaro umejaa maji, kwa hiyo tubanane. Tukabanana. Mkono wa Bibi ukakosa pa kwenda, ukalala begani kwa Mama. Uko hapo mpaka leo, unyevu haujaufikia.

Keshokutwa muuzaji ataondoka na ile ya kuvuta. Mabibi harusi watanisamehe, nitatembea.

Lakini Baba, ngoja kwanza. Mtama mpya. Mavuno yalikuwa yameshaingia ndani, kwa hiyo ulikuwa mwezi wa kiangazi kama huu, na kwenye picha nywele zetu zote zina vumbi.

Mtaro gani hapa Singida unajaa maji mwezi wa nane?