Dume Naye Akaguliwe

Jumatatu, 6 Machi 1978
Zahanati, Ibadakuli. Gazeti limenituma kuandika somo la nesi kwa wanawake wasiopata watoto. Mabenchi yamejaa. Nimekaa nyuma na kalamu. Hakuna aliyejua kwamba nami sina mtoto, mwaka wa saba wa ndoa.

Nesi aliuliza: "Ng'ombe wako wote wasiposhika mimba, unamkagua nani?"

"Dume!"

"Na nyumbani je?"

Bibi mmoja akajibu: "Nyumbani, mwanangu, dume ndiye anayekagua." Tulicheka mpaka nesi akafuta machozi.

Aliendelea. Kutozaa si laana. Tatizo linaweza kuwa kwa mume. Naye apimwe.

Jumatano, 8 Machi
Jana jioni nilimwambia Lukasi apimwe. Mume wangu ni bwana mifugo, madume ya watu anayakagua yeye. Aliacha kula. Leo amekwenda kutazama majosho ya ng'ombe ya Geita. Juzi safari hiyo haikuwa kwenye ratiba yake.

Jumapili, 12 Machi
Mama mkwe amefika kutoka Maganzo, na dawa ya mizizi. Siiamini. Nimeinywa.

Tangu arusi ananiita Mama Kulwa, kwa jina la mjukuu anayemngoja. Leo kaniita Paulina. "Paulina, yuko binti kwetu, mtulivu. Lukasi akirudi tutakwenda kuposa."

"Sawa, mama." Nilikwenda uani nikaanua nguo. Zilikuwa bado mbichi.

Alhamisi, 16 Machi
Habari imetoka. Mhariri ameondoa dume.

Jirani aliniachia mwanawe akaenda sokoni. Mtoto alilala begani kwangu. Mkono ulikufa ganzi. Sikumhamisha.

Jumanne, 21 Machi
Lukasi amerudi. Alipitia hospitali kwanza, hata mimi hakuniambia. Amepimwa. Hana mbegu. Daktari haoni dawa.

Alinieleza kama anayesoma taarifa ya josho. Nilisikia nafuu, halafu huzuni. Kwa mpangilio huo.

Hajamwambia mama yake. Binti bado anasubiri kuposwa. Sitamsemea.

Jumamosi, 25 Machi
Amesema. Uani, kwa Kisukuma, amesimama mbele ya mama yake: "Mayu, asiyezaa ni mimi. Msimsumbue binti wa watu."

Mama mkwe aliingia jikoni, akanisogeza kwa kiwiko, akasonga ugali mwenyewe. Tumekula watatu, sahani moja. Mnofu mkubwa kausukuma upande wangu.

Mvua imeanza. Lukasi anaziba paa la banda la kuku.

Bado namtaka mtoto.