Mshale Nilioupindua

Jumatatu, 16 Juni
Baridi ya Songea haina adabu. Nimesahihisha karatasi za wanafunzi wangu wa chuo cha maabara kabla ya chai. Swali: kwenye ukuta wa utumbo, seli inayotoa ishara inakuwa nini, na jirani anayeipokea anakuwa nini? Zuhura, binti wa Tunduru, kaandika kinyume na notsi zangu. Sifuri. Darasani nikamwambia arudi kwao akabangue korosho. Walicheka. Na mimi nikacheka.

Jumanne, 17 Juni
Zuhura hakuuliza swali hata moja. Siku zote ananichosha kwa maswali. Nimeona raha.

Jumatano, 18 Juni
Mungu wangu. Nimefungua kitabu kipya cha maktaba. Seli changa inayotoa ishara ndiyo inayogeuka kuwa seli ya ute. Jirani anayepokea anazuiwa asiwe kama yeye, anakuwa wa kufyonza chakula. Nimefundisha kinyume miaka sita! Mwaka wa kwanza nilichora mshale wa ishara vibaya, halafu kila mwaka nikanakili notsi zangu mwenyewe. Zuhura alipata. Nimerudisha kitabu kimyakimya. Mwoga mimi.

Alhamisi, 19 Juni
Mke wangu kapika makande. Mahindi mengi, maharage machache. Utumbo ndivyo ulivyo: wafyonzaji wengi, wa ute wachache. Kila harage limewazuia majirani zake wasiwe maharage. Ishara ikikatika, sufuria nzima inakuwa maharage. Sikumaliza sahani. Kaniuliza kama chumvi imezidi. Nikasema ndiyo. Maskini, chumvi haikuwa na kosa.

Ijumaa, 20 Juni
Zuhura kaja ofisini na fomu ya kuacha chuo. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisainie." Sababu aliyoandika: fani siiwezi. Nilitakiwa kusema palepale. Nikamwambia aiache, mhuri haupo, aje Jumatatu. Mhuri ulikuwa mezani, anauona. Akasema asante. Najichukia.

Jumapili, 22 Juni
Nimeenda misa. Sikusikia mahubiri hata kidogo.

Jumatatu, 23 Juni
Nimeingia darasani na mahindi na maharage mfukoni. Nikayapanga mezani, nikachora mshale upya ubaoni. Nikasema niliwafundisha vibaya, Zuhura ndiye aliyepata, na maneno yangu ya korosho yalikuwa ya kipumbavu. Nikamwomba radhi. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, kaja kufuata fomu. Hakuna aliyecheka. Nilidhani ataondoka. Akanyoosha mkono.
"Mwalimu, na wale waliokwisha kumaliza? Wameshaambiwa?"
Nikasema bado. Akaingia, akakaa.

Jumanne, 24 Juni
Fomu bado iko kwenye droo, haijasainiwa. Zuhura hajaiulizia. Leo kauliza maswali manne. Nimetoa orodha za wanafunzi wa miaka yote sita. Nimeanza kuwapigia simu, nikianzia na wa ule mwaka wa kwanza. Wa kwanza kupokea simu yuko maabara ya Mbinga, naye anafundisha wengine sasa. Anatumia notsi zangu.