Limi na Maji ya Josho

Jumatatu, 2 Juni

Nimebadilisha maji ya Limi kabla ya kwenda kazini zahanati. Ndani ya beseni, chini, kulikuwa na vitone vyeusi. Nilidhani ni ugoro wa kaka. Nikavigusa, kimoja kikatembea kidoleni.

Leo siku ya tatu Limi amejilaza majini, kichwa tu nje. Chatu hafanyi hivyo bila sababu. Nimempangusa chini ya kidevu kwa kitambaa cheupe, kikatoka na madoa meusi na damu. Pembeni mwa macho wamejaa. Utitiri. Unafanana na ule wa kuku, ila huu ni wa nyoka. Nimekasirika hata chai nimeiacha.

Jumanne, 3 Juni

Najua ulikotoka. Mwezi uliopita kaka Masunga aliazima chatu kwa kikundi cha ngoma cha Kimali, akamlaza sanduku moja na Limi siku nne. Nilimwambia amtenge. Akasema nyoka wanaocheza pamoja lazima wazoeane. Mgeni amesharudi kwao. Alichokuja nacho kimebaki.

Nimemweleza leo. Jibu lake: "Huo ni uchafu tu. Si wewe ndiye unayemsafisha?"

Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana. Limi alikuwa wa baba. Baba alicheza naye ngoma miaka kumi na moja katika viwanja vyote vya Bariadi, na aliyekuwa akimwogesha na kumlisha ni mimi. Siku ya kumaliza matanga wazee wakagawa. Ngoma kwa Masunga, nyoka kwa Masunga. Eti mimi nitaolewa niondoke na nyoka wa ukoo. Sijaolewa, sijaondoka. Masunga anamvaa shingoni na kushangiliwa. Mimi nazoa kinyesi.

Jumatano, 4 Juni

Nimemleta afisa mifugo, Bwana Hamisi. Mtu wa Tanga, mpole, mwoga wa nyoka kupita kiasi. Alibaki mlangoni, kizingiti hakukivuka. "Nyoka sikusomea, dada yangu, na wallahi siwapendi. Lakini utitiri naujua." Akampigia simu rafiki yake anayetunza nyoka wa maonyesho Arusha, akaweka spika, mimi nikaandika.

Limi akae peke yake. Majani yote ya kulalia yatupwe, atandikiwe karatasi tupu ili nione kinachotembea. Aogeshwe maji ya uvuguvugu, yasiyozidi unene wa mwili wake, nusu saa, na nisimwache peke yake hata dakika. Kichwa kisizamishwe. Pembeni mwa macho na chini ya kidevu nimpake mafuta ya kupikia kwa pamba, kidogo tu, mbali na pua. Wiki sita, isipungue. Utitiri hautagi mwilini, unataga kwenye nyufa za anapolala, kwa hiyo ukimwosha yeye ukaacha sanduku hujafanya kitu. Nikishindwa hivyo, kuna dawa, lakini kwa kipimo cha daktari aliyempima uzito.

Jambo moja walilisema wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, hapana. Dawa ya kupulizia pamba shambani, hapana. Nyoka hana mwili wa ng'ombe. Bwana Hamisi akanitaka niahidi. Nimeahidi. Kuwaahidisha wengine hakukunijia akilini.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechoma majani. Nimemwagia sanduku maji ya moto mara tatu, nikalisugua kwa sabuni, nikalianika. Mchana nikachokonoa ufa kwa sindano, bado wamo. Ni sanduku alilolitengeneza baba kwa mikono yake. Nimelichoma pia. Nimelia, halafu nimepika.

Limi sasa yumo kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko nilichotoboa matundu. Halina ufa hata mmoja. Magazeti nabadilisha kila siku, ya zamani yanaingia motoni hapo hapo. Nikitoka kwake nanawa mikono hadi viwiko na kubadilisha kanga.

Masunga aliona majivu. Akasema nimeunguza urithi wake. Wake!

Jumatatu, 9 Juni

Kitambaa leo kimetoka na madoa sita. Wiki iliyopita nisingeweza kuhesabu. Limi ametoka majini mwenyewe, amejikunja kwenye gazeti kavu. Inafanya kazi. Sina wa kumwambia anayejali, isipokuwa Bwana Hamisi, naye anafurahia kwa mbali.

Alhamisi, 12 Juni

Kikundi kimekutana uani. Jumamosi ya tarehe 21 kuna mashindano na wale wa Lalago. Nimesema Limi hawezi kutoka, bado wiki tano. Nimeeleza mayai yanavyoanguliwa. Nimeeleza kwamba akiguswa na watu ishirini na kulala kwenye gunia la kikundi, tutaanza upya.

Mzee Ng'wandu, mpiga ngoma wetu, akaniita mama kwa lugha yetu, akauliza kwa upole kabisa: "Mayu, ng'ombe mia tunawaogesha asubuhi moja. Nyoka mmoja mwezi mzima?"

Wakacheka wote. Nikasema dawa ya josho itamuua. Mzee akatikisa kichwa, akasema mdudu ni mdudu, na ng'ombe ni mkubwa kuliko nyoka lakini anatoka joshoni anakula majani. Huku kwetu mtu akiona mdudu juu ya mnyama mawazo yote yanakwenda joshoni. Masunga hakusema neno. Nilipaswa kujua. Masunga akinyamaza ujue ameshaamua.

Jumamosi, 14 Juni

Madoa mawili. Macho yake yameanza kuwa na ukungu, karibu atajivua gamba. Nimeweka kitambaa chenye maji ndani ya pipa kimsaidie.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi kanisani saa saba. Pipa wazi. Limi hayupo.

Nilikimbia na viatu vya kanisani hadi joshoni. Ng'ombe walishamaliza. Masunga na vijana wawili wa kikundi walikuwa wanatoka, Limi shingoni mwake, anachuruzika ile dawa. Walimzamisha mzima. Kichwa pia. Mara mbili, anasema, ili kuhakikisha. Alikuwa anatabasamu. "Nimekumalizia kazi yako ya wiki tano."

Nilimnyang'anya. Sikumbuki nilisema nini, ila wenye ng'ombe waligeuka.

Njiani alianza kutetemeka. Nyumbani kichwa kikapinduka, kidevu juu, akawa anazunguka kama anatafuta kitu hewani. Nilimpigia Bwana Hamisi. Akasema suuza, maji mengi ya uvuguvugu, badilisha tena na tena, kichwa ukishikilie nje, usimpe chochote mdomoni. Akaja na pikipiki. Nilihitaji mtu wa kumshika mkia maana alikuwa anajipinda mno. Masunga alikuwa amesimama ukutani. Bwana Hamisi akavuka kizingiti, akafumba macho, akashika. Alishika karibu saa nzima. Jasho lilimtoka hadi shati likagandana na mgongo.

Namchukia kaka yangu. Nimeandika. Nitakwenda kuungama, lakini si wiki hii.

Jumanne, 17 Juni

Yu hai. Kutetemeka kumepungua. Shingo imepinda kushoto, hainyooki. Nikimweka kifudifudi anajaribu kugeuka, anashindwa, anabaki ametazama dari.

Rafiki wa Arusha anasema kivuli, hewa, utulivu, tungoje. Wengine hupona, wengine hubaki hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Hakuna badiliko.

Jumamosi, 21 Juni

Ngoma zimesikika tangu saa nane. Sikwenda. Nilikaa na Limi, nikimgeuza kila alipopinduka.

Wameshinda. Wamepita mbele ya nyumba wakiimba. Walicheza na chatu wa Kimali, yule yule, wamemwazima tena. Watu walimshangilia sana, nasikia. Kwa hiyo Limi hakuhitajika hata kidogo.

Jioni Masunga alitaka kumlaza yule chatu mgeni uani kwangu. Nimefunga geti. Nimemwambia kuanzia leo hakuna nyoka mgeni anayeingia hapa kabla ya kukaa peke yake miezi miwili, mahali pengine, kwa vyombo vingine, na anayemshika asinisogelee bila kunawa. Akasema nimekuwa afisa. Akaenda kumlaza nyumbani kwake, chumbani. Mke wake amehamia jikoni.

Jumapili, 29 Juni

Masunga amekuja na kikundi kumjaribu Limi. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Alimweka mabegani. Limi alijaribu kushika, akashindwa, kichwa kikaning'inia pembeni, akateleza. Nilimdaka. Mzee Ng'wandu alitazama chini, akasema, "Mayu, tulikosea," halafu akaondoka peke yake. Yeye angalau amesema.

Masunga alijipangusa mikono kwenye suruali. Hakuomba radhi. Akasema mbele ya wote: "Huyu hachezi tena. Mchukue, ni wako." Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Wawili watatu wakapiga makofi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, zahanati imefungwa. Nimeshinda nyumbani. Limi amejivua gamba, vipande vipande, vingine nimemsaidia kwa maji. Hajala tangu Mei. Wiki hii sijaona utitiri hata mmoja. Narudia yote yale yale mpaka wiki sita ziishe.

Jumapili, 20 Julai

Wiki sita zimepita. Utitiri hakuna.

Bwana Hamisi amepita baada ya chakula cha mchana, akakaa kwenye kigoda ndani, si mlangoni. Amenisaidia kushikilia tochi nikimkagua Limi chini ya kidevu.

Shingo ni ile ile. Rafiki wa Arusha anasema sasa nisitegemee tena kwamba itanyooka. Limi hawezi kulenga panya, anapiga hewa. Kwa hiyo nimemshika kwa koleo panya aliyekwisha kufa, nikamsogezea mdomoni upande ule aliopindia. Mara ya kwanza alimkosa. Ya pili pia. Ya tatu akamshika.

Nilimtaka huyu nyoka tangu siku ya matanga. Nilipanga jinsi nitakavyowaambia wazee, maneno nilikuwa nayo. Sikuyahitaji. Ilitosha aharibike.

Amemeza polepole, kichwa kwenye kiganja changu. Nimekaa naye mpaka alipomaliza.